Besi ya Marehemu

Kila asubuhi mama jirani hupangusa spika kubwa ya besi ya marehemu mume wake, kisha huweka kiganja juu yake kama anayepima homa ya mtoto. Ni mshonaji. Ukimwuliza jambo, hujibu "Tutaona" kwa sauti ndogo, sindano ikiwa midomoni. Jumamosi ndugu za marehemu walirudi, nami nikiwa kwake. Viti, televisheni na kitanda walikuwa wamekwisha beba, wakisema ni desturi. Shemeji yake Isidore aliwasha muziki aipime ile spika. Mngurumo uliozoea kutikisa mabati yetu haukutoka.

"Mama, hii njo besi gani? Hata mbu anaishinda!"

"Njo umeme ya bwawa la Bendera, shemeji, leo haina nguvu."

Isidore akaisukuma kwenye kona, akaongeza sauti, akaipiga kofi. Bure. "Imekufa. Ubaki nayo, mulie pamoja!" Wakacheka, wakatoka.

Walikuwa bado wanapanda pikipiki mama alipoigeuza spika, akalegeza skrubu za nyuma kwa ncha ya mkasi. Ndani mna vinywa viwili vya sauti, na kimoja alikuwa amekigeuzia nyaya mwenyewe kabla hawajaja, ili kimoja kikisukuma kingine kivute, na mngurumo ufe. Akarudisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mabati yakatetemeka.

"Mama, punguza! Watasikia!" nilisema.

Alifungua mlango wote, akaweka kiganja juu ya spika. Barabarani Isidore aligeuza shingo.

"Wasikie," mama alisema. "Wameniachia mbele yako, wewe ni shahidi."