Chokaa ya Mwambani

Mama yangu aliitwa mnyonyaji mbele ya kijiji kizima kwa sababu ya mashimo ya pweza. Hadi leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka.

Kwetu, pwani ya Lindi kupita Mitwero, wanaume walikwenda na mitumbwi, na mwamba ulikuwa wa wanawake. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, mama alikwenda moja kwa moja kwenye mashimo aliyoonyeshwa na mama yake, akachomeka kijiti, akamvuta pweza. Hakuna aliyetia kijiti katika shimo la mwenzake. Mimi nilikuwa nimeshaposwa, na mama alikuwa ameahidi kunigawia mashimo kabla sijaolewa. Hakuwa na kingine cha kunipa.

Kaskazi ya mwaka ule, ujamaa ukiwa umeshachoka lakini mikutano haijachoka, maji ya mwambani yalipata joto kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Halafu matumbawe yakawa meupe. Meupe pe! Sote tulidhani yamekufa. Kamati ya kijiji ikashangilia: shule haina chokaa, na bahari imetuletea chokaa tayari. Siku zote chokaa tuliipata kwa kuchoma matumbawe makavu ya ufukweni. Sasa ikatoka amri yavunjwe yale ya mwambani, yabebwe hadi kwenye tanuri.

Mama akasimama mkutanoni. Aliomba jambo moja tu, mashimo yake yaachwe.

"Ndugu, bahari ni mali ya wote," mwenyekiti alimjibu. "Anayejimilikisha mashimo ni mnyonyaji."

"Mwenyekiti, mnyonyaji hapa ni pweza," mama alisema. "Mtazame mikono yake."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwenyekiti hakucheka. Asubuhi yake walianza kuvunja upande wa mama, kwa mitaimbo, huku wakiimba. Mama alisimama majini, kanga imelowa hadi kiunoni. Nilitamani kumrushia mtu jiwe.

Shule ikapakwa chokaa. Mimi nikaolewa bila shimo hata moja.

Miaka mingi baadaye, mama ameshafariki, akaja mtaalamu wa bahari kijijini, tukakusanyika kumsikiliza. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema kuna mkondo mkubwa unaovuka bahari kutoka mashariki, unafika pwani yetu ya kusini na kugeukia kaskazini. Dunia inavyopata joto kwa moshi wa viwanda na magari, mkondo huo unatuletea maji yaliyokwisha kupashwa huko yatokako. Tumbawe likizidiwa na joto hugeuka jeupe, lakini halijafa. Maji yakipoa mapema, hupona.

Hupona! Kumbe tulivunja wagonjwa, tukawachoma. Nilishikwa na hasira. Nikamuuliza kama vipande vilivyobaki vitaota tena. Akasema zamani vingeota. Siku hizi joto linarudi kabla mwamba haujapata nafuu. Nikamuuliza, na wenye moshi huo wanaambiwa nini?

Yeye akageukia benchi letu sisi kinamama, akatuomba kwa upole tuache kukanyaga mwamba.

Nikajifunga kanga yangu nikatoka, na sikumuaga.