Boila Lililomkataa Bibi

Kwa miaka mingi nimekana mbele ya wadogo zangu kwamba niliwahi kuliamkia boila. Leo nakubali. Nilikuwa na miaka minane, tukiishi Saint Paul, Marekani, katika nyumba ya kupanga, na kila asubuhi kabla ya shule nilishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye harufu ya saruji yenye unyevu, sabuni ya unga na vumbi lililoungua, nikasimama mbele ya sanduku jeupe lililotundikwa ukutani na kusema, "Shikamoo." Lilikuwa kubwa kuliko mimi, lilinguruma, na nyumba nzima ililitegemea; kwa malezi niliyopewa, sababu hizo zilitosha. Mwenye nyumba alilionea fahari kwa kuwa halikuwa na tangi. Lilipasha joto vyumba vyote, na mtu akifungua bomba liliwaka papo hapo na kuyachemsha maji yakiwa njiani. Kwanza mlio mdogo, tak, kisha moto ukashika, vuuu. Nilizijua sauti hizo kama wenzangu darasani walivyozijua nyimbo za katuni.

Majira hayo ya baridi Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Same kumlea binti yake, aliyekuwa amejifungua mdogo wangu. Kazi zake zilikuwa kumkanda mama kwa maji ya moto, kumwogesha mtoto, na kunitania mimi. "Mke mwenzangu, bado umelala? Mume wetu ameuliza kama umejifunza kupika." Haikupita wiki akaanza kulalamika kwamba maji ya bomba ni ya baridi. Si vuguvugu, baridi ya kung'oa meno. Baba akaenda kufungua bomba, yakatoka ya moto. Mama akajaribu, ya moto. Mwenye nyumba akaja na theluji kwenye viatu, akafungua bomba mpaka mwisho, akaweka kidole, akakitoa upesi, akaondoka akicheka. Bibi akafunga mlango wa bafu ili aoge. Baridi.

Baba alikuwa akisomea shahada ya tatu ya takwimu, kwa hiyo hakukosa nadharia: saa za siku, upepo, mabomba yanayopita ukuta wa nje. Nadharia moja hakuthubutu kuisema mbele ya mkwe wake, lakini niliisikia nikiwa mlangoni: kwamba Bibi amechoka na Marekani na anatafuta sababu ya kuondoka. Mama akasema huenda. Masikio ya Bibi yalikuwa mazima kuliko walivyodhani. Hakulalamika tena. Akaanza kuchemsha maji jikoni, sufuria baada ya sufuria, na kuzipandisha ngazini zikifuka mvuke, miguuni kandambili. Mama akamsihi aache, ataanguka na kuungua. "Basi," Bibi akasema, "Jumamosi mkipiga simu nyumbani, nitamwambia mdogo wangu atume mtu wa kunipokea uwanja wa ndege. Siwezi kukaa mahali ambapo hata bomba linaniita mwongo."

Tatizo langu ni kwamba nilimwamini Bibi na nililiamini boila. Nikakata shauri kwamba kuna jambo kati yao, nikaketi kwenye ngazi za chini ya nyumba kusikiliza. Baba akinyoa ndevu: tak, vuuu. Mama akisuuza kikombe: tak, vuuu. Ijumaa nilipotoka shule Bibi akaingia bafuni. Nikasikia maji yakipita juu ya kichwa changu, membamba, kwa muda mrefu, na boila kimya. Halikuwaka kabisa. Nikapanda mbio, nikagonga mlango. Baba asingeweza kuugonga mlango ule mkwe wake akiwa ndani, na mama alikuwa kitandani. Ndiyo maana hakuna mtu mzima aliyekuwa ameona nilichokiona. Bibi amejifunga kanga, ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, ndoo chini ya bomba, na maji yanaanguka kama uzi wa cherehani. Ndivyo alivyofungua bomba maisha yake yote, kama mtu anayejua kwamba nyuma yake kuna foleni.

"Bibi, fungua yote."

"Yote? Kwani tunaosha gari?"

Nikalifungua mwenyewe. Chini ya miguu yetu, tak. Vuuu. Tukangoja kidogo. Bibi akaingiza mkono kwenye maji, akauchomoa, akalitazama bomba kama mtu aliyemfumania jirani yake.

Hata hivyo hakukubali kumwaga hata tone. Maji ya kwanza, yaliyokuja kabla ya moto, aliyakinga kwenye ndoo ya kupigia deki. Ya pili ndiyo ya kuoga. Baba nilipomweleza alikaa jikoni jioni nzima akifungua bomba kidogo kidogo, akitafuta ni maji kiasi gani hasa yanayoliwasha boila, kwa kuwa machache halikuyahisi, huku mimi nikimpigia kelele kutoka chini: "Bado! Bado! Limewaka!" Kisha akasimama kwenye ujia, mbali na mlango wa Bibi kama adabu inavyotaka, akasema, "Mama, tumekukosea." 

Sasa nakaa Eden Prairie, kwenye nyumba yenye tangi kubwa lililosimama kama mgeni asiyeondoka, na maji ya moto hayakatiki. Wanangu huoga mpaka vioo vyote vinalia. Nikiwagongea wananijibu kwa Kiingereza kwamba wanamalizia. Nina shahada mbili, na kitu kikiharibika nampigia fundi, kwa sababu sijui sauti ya mtambo hata mmoja humu ndani. Hata hivyo, ninayo ndoo bafuni. Wageni huuliza ni ya nini, nami hubadilisha mazungumzo.

Jumamosi ile baba alipiga simu kwenye ofisi ya usharika kule Same, ambako mdogo wake Bibi alikuwa akisubiri, kisha akampa Bibi mkonga wa simu kwa mikono miwili. Mama alishuka na mtoto, akasimama mlangoni. Bibi alisalimia ukoo mzima kwa sauti ya kutosha kufika Same bila waya. Kisha akasema, "Hapana, usitume mtu uwanja wa ndege. Nakaa mpaka mtoto aote jino." Sauti ndogo upande wa pili ikauliza kitu. Bibi akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Maji? Yapo, tena ya moto. Nilikuwa nayaomba kwa adabu mno."