Kanda ya Madam Kagendo imemjibu mkuu wetu wa zamani

Leo nimemwaibisha mzee mzima mbele ya ukumbi uliojaa, na sijutii hata kidogo.

Chuo chetu hapa Meru kilikuwa kinamtunuku Madam Kagendo, mkutubi wa kwanza kwetu kuleta video na kanda za sauti maktabani. Alikuwa akienda Kiirua kurekodi wakulima wakieleza kilimo cha viazi, ili hata asiyejua kusoma apate cha kujifunza. Mimi nilikuwa msaidizi wake.

Mkuu wa maktaba wakati huo alimdharau, halafu akamhamishia Embu.

Sasa leo huyo mkuu akashika maiki: "Wazo la video lilikuwa langu. Kagendo nilimwelekeza tu."

Madam akainamisha kichwa.

Jamaa alisahau kwamba Madam alirekodi kikao chetu siku kamera ilipofika. Nakala ya kanda hiyo ninayo, na mitambo ya ukumbi leo niliisimamia mimi.

Nikaicheza ile kanda. Huyo hapo ukutani, bado kijana, anasema: "Maktaba ni vitabu. Hiyo sinema yako ipeleke sokoni Gakoromone, ikavutie wanunuzi wa ndizi."

Mkuu akabaki na maiki mkononi.

Madam akanigeukia, akasema polepole, "Zima, mwanangu. Wamesikia."

Nilizima. Lakini kwanza niliirudisha nyuma, wakasikia tena.

Madam alipoitwa kuchukua tuzo yake, kiti cha mkuu kilikuwa kitupu.

Wenzangu, nyinyi mngezima mara ya kwanza?