Siku Niliyomtafsiri Madam Mbele ya Wageni

Heri mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjamsikia fundi Otis, kwa sababu Otis akikisimulia kisa hiki huongeza chumvi, na chumvi iliyomo tayari inatosha. Nilijiaibisha. Nilijiaibisha kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, mchana peupe, mbele ya mafundi wote na wageni waliotoka nchi nyingine, na kama sakafu ya pale ingekuwa ya udongo badala ya saruji, ningejichimbia humo hadi jioni.

Mimi ni mtu wa stoo. Miaka kumi na mmoja nimegawa vyuma, misumari na rangi katika kiwanda kinachotengeneza vitanda vya dabodeka, vile vya kulala mmoja juu mmoja chini, vya shule za bweni, na kazi hiyo naijua macho yakiwa yamefumbwa. Mwaka huu ikatokea nafasi pale mbele, ya mtu wa kuvaa shati safi na kuongea na wateja, na meneja wetu, Madam Achieng, akaniita akaniambia bila kuzunguka kwamba angependa kunipa mimi, lakini wateja siku hizi wanatoka nje ya Kenya, na Kiingereza changu kinapanda na kushuka kama barabara za kwetu Murang'a. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Nikaenda nyumbani mtaa wa Ziwani nikamlalamikia Mama Shiro, mke wangu, kwamba nina miaka arobaini na mitatu na lafudhi imenikwama kooni, naye akaniambia (kwa ule upole wake) kwamba lafudhi si tonsili, haitolewi hospitalini, niende nikafanye mazoezi.

Madarasa ya jioni yapo, lakini mimi kukaa darasani na vijana wa umri wa binti yangu sikutaka. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo ulionizalia mambo makubwa.

Kanisani kwetu pasta huhubiri kwa Kiswahili, na pembeni yake husimama mkalimani anayegeuza kila sentensi kwa Kiingereza, kwa ajili ya vijana ambao, kwa maoni ya pasta, wakisikia Kiswahili kitupu wanasinzia. Mkalimani hana nafasi ya kufikiri. Pasta akikata sentensi, unaidaka. Akipaza sauti, unapaza. Akiinua mkono unainua, akipiga hatua mbili unapiga mbili, na ole wako ukiacha kimya kiingie katikati, maana upako unapoa. Yule tuliyekuwa naye alihamia Nakuru, nami nikajitolea, nikijua nitapata mazoezi ya bure kila Jumapili na watu mia mbili wa kunisikiliza ambao hawawezi kutoka.

Jumapili za kwanza nilitoa jasho hadi soksi zikalowa. Shiro, binti yetu, alikuwa anainamisha kichwa kana kwamba anaomba, na mimi nilijua haombi. Lakini kufikia mwezi wa sita ulimi ulikuwa umelainika, na Jumapili moja tukitoka ibadani Shiro akaniambia, "Dadi, siku hizi unabonga fiti." Nikavimba kichwa kabisa. Nilichokuwa sijui ni kwamba mdomo wangu ulikuwa umejifunza na jambo lingine: mtu akisimama kushoto kwangu akaongea Kiswahili mbele ya watu, unageuza kabla sijauruhusu.

Basi wakaja wageni wawili kutoka Zambia, Mzee Mulenga, mnene, wa maneno machache, anayejenga shule za bweni huko kwao, na karani wake, dada mmoja mwenye daftari. Madam akaniambia huo ndio mtihani wangu, tutawatembeza pamoja, nikifaulu Jumatatu nahamia mbele. Niliazima tai ya shemeji. Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu, nikawaeleza unene wa vyuma, nikawaonyesha rangi inavyopakwa, mzee anaitikia kwa kichwa, karani anaandika. (Mzee mwenyewe alikuwa anaongea Kiingereza chenye lafudhi ya kwao iliyojaa tele na hana wasiwasi nayo hata kidogo, lakini mimi nilikuwa na shughuli nyingi za kuchunga ulimi wangu, sikuliona hilo.)

Tulipofika kwa mafundi, Madam akasimama kushoto kwangu, akainua mkono, akasema, "Mafundi, zimeni mashine kidogo, tuna wageni." Na mimi nikainua mkono, nikaligeuza lote kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma.

Madam alinitazama, nafikiri akaona ni ukarimu tu, akaendelea. Hawa wametoka Zambia. Nikageuza. Wamekuja kuona kazi yetu. Nikageuza, na hatua mbili juu. Tuwakaribishe kwa moyo mmoja. Nikageuza kwa hisia kiasi kwamba Otis, ambaye tunasali naye, akaitikia "Amina" kutoka nyuma ya barakoa yake ya kuchomelea, na nusu ya mafundi wakamfuata. Sasa mkalimani akishasikia amina, huyo si wenu tena.

Madam akanisogelea sikioni akanong'ona, "Kamau, punguza sauti, unatuaibisha."

Niliwapa wageni lote, na jina langu ndani. Akanifinya kiwiko akasema ninyamaze, nikageuza na hilo, na kidole juu. Otis akasema amina. Hapo Madam wa watu akachanganyikiwa, akasema chini chini, akijisemea mwenyewe, "Mungu wangu, na huyu mzee nilikuwa nimeshamlainisha, sasa ataondoka."

Na hilo nalo nikalitoa, mikono yote miwili mbinguni.

Karani akaacha kuandika. Kukawa kimya, na mimi, kwa sababu kimya nimezoea kukiogopa, nikamgeukia Madam nikingoja sentensi inayofuata. Nilipouona uso wake ndipo akili iliponirudia. Niliogopa vibaya. Niliona kazi ya mbele inaondoka, niliona na ya stoo inaifuata, nikamfikiria Mama Shiro aliyenipigia shati pasi mara mbili asubuhi ile, na machozi yakanilenga. Nikamwomba mzee msamaha kwa Kiingereza changu nilichozaliwa nacho, bila kukichunga tena, nikamwambia mimi ni mkalimani wa kanisani na mdomo umezoea, kwamba chuma cha vile vitanda nimekipima kwa mikono yangu na ni chuma kizuri, na asiache kununua kwa sababu yangu.

Mzee Mulenga alianza kucheka polepole, tumbo kwanza, kisha akashindwa kusimama, akajitupa juu ya kitanda kilichokuwa karibu (na hakikulia hata kidogo, tangazo zuri kuliko yote niliyokuwa nimesema). Akajifuta macho akasema kwamba amenunua vitu katika nchi nyingi, na kila mahali watu hunong'onezana mbele yake kwa lugha ya kwao, naye hubaki anatabasamu bila kujua anauzwa au anasifiwa. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu amemwambia. Halafu akamgeukia Madam, akamwuliza kwa heshima zote kama bado kuna kulainishwa kokote kulikobaki, maana yeye yuko tayari.

Waliagiza vitanda. Walipoondoka Madam akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Kamau," akasema, "leo niliomba Kiingereza chako kisieleweke. Kikaeleweka chote."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiirudia sentensi hiyo peke yangu, ninacheka kama aliyerukwa na akili, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeingoja miezi yote ile. Jumatatu nilihamia mbele. Ukalimani nimeuacha, pasta alisikitika kidogo, na mazoezi sasa nafanya sebuleni na Shiro, ambaye hana huruma hata chembe. Nimeapa sitageuza tena neno la mtu bila kuombwa. Lakini kiapo ni changu, mdomo una mambo yake, kwa hiyo mkiwa na siri, tafadhali msisimame kushoto kwangu.