Jino la Kung'oa

Dereva huyu wa bodaboda wa stendi ya Mbinga hana haraka. Huifuta kofia ngumu kwa kiwiko, hupiga mluzi wa nyimbo za kwaya, na humwambia abiria mwenye mikono inayotetemeka amshike kiunoni. Leo kambeba Vitalis, aliyesema anakwenda hospitali kung'oa jino. Walipofika, dereva akaupita mlango wa meno, akasimama mbele ya kliniki ya wanaoacha pombe.

"Kaka, nilisema meno."

"Wote husema meno."

Vitalis akabaki juu ya pikipiki, kichwa chini. Dereva akavua kofia, akatangulia hadi mlangoni, ambako nesi alimpokea kwa kicheko.

"Karibu tena. Jino lako linasemaje?"

"Halijauma tangu Pasaka, sista."

Vitalis akashuka.