Wapagazi Sita

Siku ile tulikuwepo mimi, dada yangu anayenifuata kuzaliwa, mdogo wetu wa mwisho, shangazi aliyekuja kuomba chumvi akasahau kuondoka, afande mmoja wa kambi ya jirani aliyekuwa na ruhusa hadi jioni, na mtoto wake wa kiume, ambaye ndiye aliyekuja na waya. Ukitaka kuhesabu wote, ongeza mazimwi sita ndani ya mashine yetu na sita ndani ya mashine yao. Wetu walikuwa mbuzi wa moto, samaki mwenye miguu, ndege wa radi, nondo wa sumu, uyoga wa kulaza watu usingizi, na jiwe lenye macho. Nawataja kwa sababu aibu ya siku ile iliwaangukia wao, na kosa lilikuwa langu peke yangu.

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Dada yangu aliipata sokoni Mpondwe, kwa mfanyabiashara wa ng'ambo aliyeiweka katikati ya chaja zilizokufa, akaibadilisha kwa kuku jike wake mwenyewe. Mimi nilimlilia yule kuku. Mchezo uliokuwemo ulikuwa wa kutembea porini, kukamata mazimwi, kuwafuga na kuwapiganisha. Unaruhusiwa kutembea na sita tu. Zimwi akipigana sana anakua, na kichwa chake kina nafasi nne tu za maarifa. Ukitaka ajue jambo la tano, lazima asahau moja kati ya yale manne.

Mbuzi wa moto alitoka kwenye yai. Usiniulize. Dada yangu alilibeba lile yai ndani ya mchezo wiki nyingi, katika mwaka uleule tuliomzika mama, na lilipopasuka alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kwa hiyo nyumbani kwetu yule mbuzi hakuwa picha tu.

Mtoto wa afande alikuwa na mashine kama yetu. Likizo iliyotangulia alikuja kibarazani, akamwona mbuzi akitema moto, akashindwa kula mahindi aliyopewa. Wakakubaliana yeye na dada yangu: likizo ijayo wataunganisha mashine kwa waya, watapigana, na atakayeshinda atachagua zimwi mmoja wa mwenzake na kuondoka naye. Dada yangu alikubali bila wasiwasi, maana timu yake ilikuwa kali. Kisha akarudi shuleni Nyamwamba, kule Kasese mjini, ambako mashine za namna hiyo zilipigwa marufuku, akaniachia mimi.

"Kaka, uwakuze tu," aliniambia. "Na uangalie nani anafaa na nani hafai. Wewe si ndiyo kazi yako?"

Ilikuwa kazi yangu, na ndiyo iliyonipa kiburi. Niliacha shule darasa la sita, baba alipofariki, nikaanza kubeba kahawa kichwani kutoka Kyarumba, kwenye zile njia ambazo mtu akikosea hatua anaitwa na bonde. Baadaye nikawa kiongozi wa wapagazi. Tajiri wa kahawa alikuwa akiniletea vijana asubuhi, nami namwambia nani abaki na nani arudi kwao. Sikuangalia misuli. Nilimtazama mtu anavyomsaidia mwenzake kutua mzigo. Nilisifiwa kwa hilo hadi Munkunyu, na mimi mwenyewe nilikuwa msifiaji wa kwanza.

Kwa hiyo jioni, baada ya kazi, niliketi na mazimwi sita kama nilivyoketi na vijana sita. Nikawapima. Mbuzi: hodari, lakini zaidi ya teke la kuzaliwa anajua moto tu, na moto haupiki wenyewe. Ndege: ana haraka. Nondo: tabia mbaya, anatilia wenzake sumu hata wasipomkosea. Uyoga: huu nao kazi yake kulaza watu, na watu wakilala nani atafanya kazi? Jiwe nililipenda. Lilikuwa kimya.

Siku chache baadaye njia yetu ikazibwa na mti. Mzee mmoja wa ndani ya mchezo akanipa somo la kukata miti, somo lisiloisha, unaweza kumfundisha yeyote umtakaye. Mchezo ukauliza: nani ajifunze?

Mtu mwingine angemfundisha mmoja, akaendelea na safari. Mimi niliwafundisha wote.

Naomba nieleweke, ingawa sistahili. Baba yetu ndiye pekee aliyejua kupogoa kahawa yetu vizuri. Alipokufa, maarifa yale yakaingia naye kaburini, na mibuni ikawa misitu. Mama ndiye pekee aliyejua ni nani katika ukoo tunayeweza kumkimbilia na kwa maneno gani. Alipokufa, tulibisha hodi kwenye milango isiyofaa mwaka mzima. Tangu hapo nikaweka sheria nyumbani: kila mtoto ajue kila kazi. Dada yangu anapasua kuni, mdogo wetu anapika, mimi nafua sare za shule. Mmoja akianguka, anayebaki asilale njaa. Sasa ningewezaje kumwachia ndege peke yake kazi ya kukata miti? Ndege akifa je?

Ikaja mito, tukapata somo la kuogelea. Nikawafundisha wote. Jiwe lilikataa, nikalisamehe. Yakaja mawe makubwa, tukapata somo la kusukuma; mbuzi alilikataa, akabaki na teke lake la tangu yai. Likaja pango lenye giza, tukapata somo la kuwasha taa. Kila mara mchezo uliniuliza asahau nini, nami nilifikiri kwa makini kama mzazi. Nondo asahau sumu: sahihi, nyumba yenye watoto. Uyoga usahau kulaza watu: sahihi kabisa. Mbuzi asahau moto: hapo nilisita kidogo, nikakumbuka jinsi jiko la jirani lilivyounguza ukuta, nikabonyeza ndiyo. Mchezo ukanionya kwamba masomo haya ya kazi yakishaingia kichwani hayatoki. Nikafurahi. Elimu isiyotoka ndiyo niliyoikosa mimi.

Siku ya wazazi kutembelea wanafunzi nilipanda hadi Kasese na mihogo ya kuchemsha. Dada yangu alisubiri mlezi wa bweni ageuke, akanong'ona:

"Mbuzi yangu iko namna gani?"

"Ameendelea sana," nikasema. "Anajua kazi nyingi."

"Na wengine?"

"Wote sawasawa. Hakuna wa kumcheka mwenzake."

Alinikumbatia mbele ya mlezi. Nilirudi kwetu Bwera nikitembea kama mwalimu mkuu.

Basi ndiyo siku ile. Ilikuwa Jumapili, dada yangu ndiyo kwanza anashuka na sanduku lake kutoka Kasese, na afande na mwanawe wameshakaa kibarazani kwa sababu ruhusa ya afande ilikuwa fupi. Hakupata nafasi ya kukagua timu. Betri nilikuwa nimezitoa kwa kubana matumizi, akazirudisha, waya ukaunganishwa, na sisi tukasogea. Nyumbani tunasema Lhukonzo, lakini mbele ya watu wa kambi tukawa tunasema Kiswahili chetu cha kuokota.

Dada yangu akamtoa mbuzi kwanza. Akafungua orodha ya maarifa yake.

"Kaka."

"Naam."

"Moto yake iko wapi?"

"Ipo. Hapo chini. Kuwasha taa."

"Hiyo ni taa."

"Kwani taa si moto?"

Akaangalia ndege, akaangalia nondo, akaangalia uyoga, na kila alipofungua mmoja uso wake ulibadilika kama wa mtu anayefungua sufuria na kukuta mboga zimeungua. Kukata, kuogelea, kusukuma, taa. Kukata, kuogelea, kusukuma, taa.

"Mbuzi inaogelea?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vizuri sana," nikasema.

"Mbuzi inayojua kuogelea si mbuzi ya kuuza ovyo," akasema shangazi, akiniunga mkono. Nilimshukuru kwa macho.

Afande aliinama kutazama, akaangua kicheko kilichomfanya ashike mgongo. "Komanda! Hii si jeshi! Hii yote ni watu ya jikoni! Nani alifunza hii watu?"

"Mimi, afande."

"Wewe? Ungekuwa kwetu, vita ingeisha na vyombo yote safi."

Wakapigana. Sitasimulia kwa urefu. Mbuzi wetu aliwasha taa, na adui akaonekana vizuri zaidi, akampiga. Ndege wetu alimkata adui kama anayepogoa ua. Nondo alijaribu kusukuma, akasukumwa. Samaki peke yake alitutoa aibu kidogo: lile somo la kuogelea lilikuja kama wimbi, likawazamisha wawili wa upande wa pili, nami nikaruka juu nikipiga kelele, "Nilisema! Nilisema!" hadi mdogo wetu akanivuta shati nikae. Kisha samaki naye akalala. Jiwe lilibaki la mwisho, kimya kama kawaida yake, na kimya hakikusaidia.

Dada yangu aliweka mashine magotini, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Nilijua anafunika nini. Mtoto wa afande alikuwa amesema tangu likizo iliyopita, mbele yetu sote, kwamba akishinda atachukua mbuzi.

"Leta nichague," akasema.

Akampa. Kijana akapita kwa mmoja mmoja, kwa makini, jinsi ninavyopita mimi kwa vijana asubuhi.

"Hii inakata miti. Hii pia inakata miti. Hii pia." Akainua macho. "Mimi nitatoa wapi miti yote hiyo? Nafaa kuwa na mmoja wa kukata. Ninaye. Wa kuogelea ninaye. Hawa sita ni mtu mmoja."

"Chukua mbuzi uliyotaka," akasema baba yake. "Ulishinda."

"Baba, mimi nilitaka ile ya moto. Hii ni mbuzi ya kuchota maji." Akamrudishia dada yangu mashine. "Sitaki. Ni kama kuiba kwa nyumba ya masikini, unatoka na ufagio."

Nimetukanwa na matajiri wa kahawa, nimetukanwa na madereva wa malori, lakini hilo la ufagio bado nalisikia. Nikamtazama dada yangu nikitegemea hasira. Alikuwa ameuma mdomo, macho yake kwenye mashine, na polepole nikaona anachokiona yeye: mbuzi amebaki.

Lakini afande hakupenda. Aliacha kucheka, akakaa wima. "Hapana. Mtu akishinda anapewa. Vinginevyo mlikuwa mnacheza nini?"

Kijana akafikiri. "Basi ikae deni. Siku moto ya mbuzi ikirudi, nakuja kuchukua."

"Haitarudi," dada yangu akasema haraka.

"Inarudi. Ikikua sana inajifunza moto ingine. Kubwa zaidi."

Afande akanigeukia. "Wewe ndiye mukubwa wa hii nyumba?"

"Ndiyo, afande."

"Unasimamia hii deni?"

Hapa mtu mwenye akili angekohoa. Angesema watoto wanacheza tu, karibuni chai. Mimi nilisimama, nikanyoosha shati, nikasema, "Nasimamia, afande." Dada yangu alinitazama kana kwamba nimemuuza na yeye.

Walipoondoka alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. "Umeokoa mbuzi yangu kwa kumuharibu," alisema. Nilipokea sifa ile kwa unyenyekevu, kama vile nilikuwa nimeipanga. Halafu akanieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba kwenye timu anayefaa ni yule anayeleta kitu ambacho wengine hawana. Nikamwambia anayefaa ni yule anayeweza kushika nafasi ya mwingine. Tukabishana hadi chakula kikapoa. Naye alikuwa ameshapasua kuni, na mdogo wetu alikuwa amepika, kwa hiyo sikuona kwa nini nishindwe.

Alirudi shuleni na kuniachia amri moja. "Mbuzi mukuze. Lakini usifike pale moto inarudi."

Nilimkuza. Ilibidi nimpiganishe yeye peke yake, wengine watano wamekaa, jambo lililoniuma kama kuona mtoto mmoja anakula na wengine wanatazama. Ilichukua muda mrefu sana, maana anapigana kwa taa na teke. Nilijua pa kusimama. Kila jioni nilijiambia leo nasimama. Halafu jioni moja mchezo ukaniambia mbuzi yuko tayari kujifunza kitu kipya. Nikamwondolea lile teke alilokuwa nalo tangu yai, moto ukaingia, na alipoutema kioo chote kikawa chekundu. Nilipiga makofi peke yangu kibarazani. Mdogo wetu alitoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Asubuhi yake nilikwenda kambini. Wakaniambia yule afande amehamishwa, yeye na familia, kaskazini huko. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kurudi. Mimi nilitafuta askari anayekwenda upande huo, nikamwomba amfikishie ujumbe mtoto wa afande kwamba mbuzi wake yuko tayari.

"Iko na kilo ngapi?" askari akauliza.

Nikamwambia ni mkubwa.

Dada yangu aliposikia, likizo ilipofika, alishinda akipasua kuni. Jioni akaja akasimama mlangoni.

"Nani alikutuma?"

"Nilisimama mbele ya afande nikasema nasimamia."

"Alikuwa anacheka, Kaka. Alikuwa na fulana, hata sare hakuvaa!"

Anasema deni lilihama pamoja nao. Mimi nasema deni halipandi lori. Miaka imepita, kijana hajaja wala hajatuma neno, na dada yangu ameshafika chuo. Kila akija nyumbani huiwasha mashine, humtazama mbuzi akitema moto, kisha hunitazama mimi. Hatumpi jina jipya wala hatumpiganishi na wageni, maana si wetu.