Zamu Yangu ya Kufuta Ubao

Mjukuu wangu anasoma Ulaya. Alipokuja likizo hapa Ibra, huku Uarabuni tulikohamia, alinionesha picha kwenye simu: jiwe la kijivu, limechongwa majina.

"Bibi, hawa wanafunzi na walimu wao walifukuzwa skuli zamani kwa sababu ni Mayahudi."

Niligusa kioo kwa kidole. Kilikuwa baridi, lakini puani ilinijia harufu ya chaki.

Kule Unguja, asubuhi moja baada ya Mapinduzi, mtu tusiyemjua aliingia darasani na karatasi. Akasoma majina yetu sisi watoto wa Kiarabu, na mwisho kabisa akasoma la mwalimu wetu. Akasema tutoke, tusirudi tena. Ubaoni kulikuwa na hesabu iliyofika nusu. Mimi, kwa ujinga wangu, nikakumbuka kuwa siku ile zamu ilikuwa yangu.

"Mwalimu, nifute ubao?"

"Uache, mwanangu. Wajue tulifika wapi."

Nikauacha. Nilipofika uani niligeuka, nikatazama dirishani. Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa ameshika dasta, anaufuta. Na hakuna aliyemtuma.